Chuma cha Pajani na Picha ya Mishipa

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 63, kisukari nimeishi nacho miaka 14. Nikitembea hatua mia moja hivi, shavu la mguu wa kushoto linabana mpaka nisimame. Nikipumzika kidogo linaachia. Nimeandikiwa MRI, ile picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ya mishipa ya damu ya miguu. Paja la kulia lina chuma nilichowekewa baada ya ajali. Sumaku haitakivuta? Na dawa wanayochoma haiui figo?
Mzee wa Hatua Mia

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Tuanze na chuma, maana naona ndicho kinachokunyima usingizi. Vyuma vingi vya kuungia mifupa havivutwi, ila sisi tunaoendesha mashine lazima tujue ni cha aina gani, kwa hiyo tafuta karatasi za upasuaji. Wanaonitia hofu ni wenye betri ya moyo, na mafundi wa kuchomelea waliowahi kurukiwa na kipande cha chuma jichoni wakasahau. Chako kikiwa kati ya hivyo visivyovutwa, kitasumbua picha tu: kandokando yake hutokea doa jeusi, na mshipa usio na tatizo ukaonekana kama umekatika. Msomaji wa picha akijua kuna chuma, hadanganyiki.

Dawa yenyewe, inayochomwa ili damu ionekane vizuri kwenye picha, ni gadolini. Figo nzima huitoa kwenye mkojo. Mwaka 2006 ilihusishwa na ugonjwa wa kukakamaa ngozi kwa watu ambao figo zao zilikuwa zimechoka sana. Dawa zinazopendelewa siku hizi zimepunguza mno hatari hiyo. Kwa kuwa una kisukari, pima kreatinini kabla, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi.

Siku yenyewe mimi huwaingiza wagonjwa miguu ikitangulia. Mashine hupiga picha kabla ya dawa, kisha meza husogea kuifukuza dawa inavyoshuka kutoka tumboni, mapajani, hadi nyayoni. Kompyuta huitoa picha ya kwanza ndani ya ya pili, ibaki damu peke yake. Ukitikisa mguu katikati, picha mbili hazikutani tena. Nimewahi kupoteza kazi nzima kwa sababu ya mzee mmoja aliyejikuna goti! Kelele ni kubwa, utapewa vya kuziba masikio.

Lakini ningekuwa wewe, ningeuliza jambo moja kwanza: umepimwa presha ya kifundo cha mguu ikalinganishwa na ya mkono? Uwiano ukishuka chini ya 0.9, mishipa imebana. Kisukari hukakamaza mishipa hata namba ikadanganya, hapo hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu. MRI ni ramani ya anayekusudia kuzibua. Kama mpango wa daktari wako ni vidonge na mazoezi ya kutembea, muulize ramani hiyo ataitumia wapi.

Ila ukiona kidonda mguuni kisichopona, au maumivu yakakuamsha usiku, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje tarehe ya picha.