Njia iliyosafishwa hufungwa tena kutoka mbali

Umeuliza imekuwaje vifaru vilipuke kwenye njia ambayo wahandisi walishaisafisha. Ni kwamba mabomu haya ya ardhini ya kulipua magari hayafukiwi, yanarushwa. Kombora moja la Kimarekani la RAAM (mfumo wa kumwaga mabomu ya kulipua vifaru kutoka mbali), la mzinga wa milimita 155, hubeba mabomu 9 na kuyamwaga kilomita nyingi mbele ya mpigaji. Pale Vuhledar, Ukraine, mapema 2023, misafara ya Urusi ilipita kwenye ujia mwembamba uliokwisha safishwa, kisha mabomu yakamwagwa nyuma ya misafara hiyo. Waliotaka kurudi wakakuta njia imefungwa.

Tena bomu lenyewe halisubiri kukanyagwa. Lina kihisi cha sumaku: chuma kikubwa kikipita juu yake, linalipuka. Limeundwa lijilipue lenyewe, aina moja ndani ya saa 4, nyingine ndani ya saa 48, lakini yapo yanayogoma, na hayo hubaki kwenye nyasi mpaka mkulima aingie na trekta.

Linaloniuma zaidi ni hili: Mkataba wa Ottawa wa 1997 unapiga marufuku tu mabomu ya ardhini yanayolenga watu. Haya ya magari hayamo, ingawa hata basi la abiria lina chuma cha kutosha kuyalipua.