Maswali ya Wasomaji: Umri wa Kuolewa na Sheria Inayosubiri Bunge

Tangu tulipoandika habari za pendekezo la kuibadili Sheria ya Ndoa, ili umri wa chini wa kuoa na kuolewa uwe miaka 18 kwa wote, tumepokea barua nyingi kutoka Tanga mjini na wilaya za jirani. Tumechagua nne. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

Assalaam alaykum. Mimi ni mjane, naishi Makorora. Binti yangu ana miaka 16, amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Mdogo wa marehemu mume wangu ameleta posa, na sehemu ya mahari amekwisha kuipokea bila kuniuliza. Anasema yeye ndiye baba wa mtoto sasa, na kwamba sheria inaruhusu miaka 15 mpaka Bunge litakapoibadilisha. Binti hataki. Je, mimi sina la kusema?

Waalaykum salaam, mama. Unalo la kusema, tena kubwa, na la binti yako ni kubwa zaidi. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka ridhaa ya hiari ya kila mmoja wa wanaooana, na bila ridhaa hiyo hakuna ndoa, hata kama posa imepokewa na mahari yamehesabiwa mbele ya wazee. Binti akisema hataki, suala la umri halijafikiwa bado na ndoa imekwisha kukwama.

Kuhusu shemeji yako, kifungu cha 17 kinapanga wenye kutoa idhini kwa binti aliye chini ya miaka 18 kwa zamu: wa kwanza ni baba, baba akiwa amefariki ni mama, na wote wawili wakiwa wamefariki ndipo anapokuja mlezi. Wewe u hai, kwa hiyo zamu haijapita kwako. Najua atakujibu kwa kutaja uwalii, yaani mamlaka ya kidini ya kumwozesha binti. Akikujibu hivyo, mwombe muende pamoja kwa sheikh mnayemwamini, kwa sababu katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, uwezo wa kumwozesha bikira bila kumtaka ridhaa umetajwa kwa baba na babu mzaa baba. Ami hana uwezo huo. Kwa upande wa dini na kwa upande wa serikali, hoja yake inakosa mahali pa kusimama.

Tuje kwenye miaka 15, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotoshwa, wengine kwa nia njema. Kifungu cha 13 kiliandikwa kikisema mwanamume awe ametimiza miaka 18 na mwanamke miaka 15, na kikaipa mahakama nafasi ya kuruhusu hata wenye miaka 14 panapokuwa na sababu maalumu. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa Msichana Initiative, aliipeleka Serikali Mahakama Kuu akidai kwamba vifungu vya 13 na 17 vinambagua mtoto wa kike, na mahakama ikakubaliana naye. Ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba na ikaipa Serikali mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, ambayo juu yake hakuna mahakama nyingine nchini, ikaitupa rufaa hiyo. Hata hivyo mwaka 2024 ulikwisha maneno ya kifungu cha 13 yakiwa yale yale ya 1971.

Shemeji yako anaona maneno bado yamo kitabuni, basi anahitimisha kwamba ruhusa bado ipo. Lakini Ibara ya 30(5) ya Katiba, inayoiruhusu mahakama kuipa Serikali muda wa kurekebisha sheria mbovu badala ya kuifuta papo hapo, inasema sheria hiyo itahesabiwa kuwa halali mpaka irekebishwe au mpaka muda uliotolewa uishe, lolote litakalotangulia. Muda huo umepita zamani. Kwa maoni yangu, mtu anayemwoza binti wa miaka 16 leo kwa kutegemea kifungu cha 13 anategemea kifungu kilichokwisha kukataliwa na mahakama ya juu kabisa, na Bunge kukawia hakukirudishii nguvu.

La kufanya ni hili, na ulifanye wiki hii. Sheria inawataka wanaotaka kuoana watoe taarifa kwa msajili siku 21 kabla ya ndoa, na katika muda huo pingamizi linaweza kuwekwa. Andika pingamizi lako, ambatisha nakala ya cheti cha kuzaliwa cha binti na cheti cha kifo cha baba yake, na uhakikishe nakala utakayobaki nayo imegongwa muhuri wa mapokezi. Kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kwa kuwa chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto na halmashauri ina wajibu wa kumlinda. Ukiona haraka isiyo ya kawaida, au maneno ya kumsafirisha binti, usingoje ofisi zifunguliwe: piga 116, namba ya huduma kwa mtoto isiyo na malipo, au ufike dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Mahari yaliyopokewa yarudishwe na aliyeyapokea. Hilo ni deni lake, wala lisigeuzwe kuwa deni la binti.

Niongeze kwa wasomaji wengine ambao mabinti zao wangali darasani: Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, na kumwoa au kuolewa na mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kosa lenye adhabu ya kifungo cha miaka 30. Hapo hakuna cha idhini ya mzazi wala cha kumsubiri mbunge.

Mimi ni mzee wa Mwambani. Naona Serikali inaingia katika mambo ya dini. Sisi tumeoza watoto wetu kwa sheria ya Mwenyezi Mungu tangu enzi za babu zetu. Kwa nini Bunge litupangie?

Shikamoo, mzee wangu. Swali lako ni la haki, na linaulizwa na watu wanaowapenda watoto wao, kwa hiyo nitalijibu bila kulipunguza uzito.

Bunge halianzi leo. Kabla ya sheria ya 1971 kulikuwa na Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1969, uliopeleka kwa wananchi mapendekezo ya sheria moja ya ndoa, na mjadala wake ulikuwa mkali misikitini na makanisani pia. Sheria iliyotoka iliacha ndoa ya Kiislamu ifungwe Kiislamu na ikaitambua ndoa ya wake zaidi ya mmoja, lakini iliweka umri. Kijana wa kiume amewekewa miaka 18 kwa zaidi ya nusu karne, na katika muda wote huo sijasikia mtu wa Tanga akisema kwamba nikaha imeharibiwa kwa kumsubirisha bwana harusi. Linalopendekezwa sasa ni kumpa binti subira hiyo hiyo. Uwalii unabaki, mahari yanabaki, khutba ya ndoa inabaki, na atakayefungisha anabaki kuwa sheikh wako.

Nakuomba pia, mzee, utazame upande wa binti mwenyewe. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba karibu wanawake 3 katika kila 10 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Mwenye miaka 15 anayebeba mimba hubeba hatari kubwa ya uzazi wa kukwama na ya fistula, yaani tundu la uzazi linalovujisha mkojo au kinyesi, kwa kuwa nyonga zake hazijakomaa, na hatari hiyo haipungui kwa sababu ndoa ilifungwa kwa heshima. Dini inayotuamuru kuondoa madhara haikuletwa ili tuyafumbie macho madhara haya. Mimi naunga mkono miaka 18 bila kusitasita, na nakiri kwamba wapo wanazuoni wanaoona tofauti. Hao wanastahili kusikilizwa na kamati ya Bunge kama mtu mwingine yeyote.

Mimi ni kijana wa Muheza. Muswada ukiletwa, mtu wa kawaida anautoleaje maoni? Au ni mambo ya Dodoma tu?

Si ya Dodoma tu, ingawa safari yake huishia huko. Muswada huchapishwa kwanza katika Gazeti la Serikali. Ukisomwa bungeni kwa mara ya kwanza haujadiliwi, unapelekwa kwenye kamati inayohusika, na kwa mambo ya aina hii ni ile inayoshughulikia Katiba na Sheria. Kamati hiyo ndiyo inayowaita wadau, na hapo ndipo neno la mwananchi lina uzito kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa muswada ungali mbichi. Huna nauli ya Dodoma? Andika barua kwa Katibu wa Bunge, na nakala umpe mbunge wako. Baadaye, muswada ukifika Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakikaa kama kamati, mbunge anaweza kuleta jedwali la marekebisho kuhusu kifungu kimoja kimoja, lakini mbunge asiyepewa hoja na watu wake hana cha kuandika katika jedwali hilo.

Angalia sana muswada usije kwa hati ya dharura, maana muda wa maoni hubanwa. Na ukiupata, anza na kurasa za mwisho penye Madhumuni na Sababu, kisha urudi kusoma vifungu vyenyewe, uone kama vinatimiza kilichoahidiwa.

Jambo la kulitafuta ni sheria nyingine zinazoguswa. Kubadilisha "kumi na tano" kuwa "kumi na nane" katika kifungu cha 13 hakutoshi. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyowekwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kinamlinda kila msichana aliye chini ya miaka 18 dhidi ya ubakaji, isipokuwa aliyeolewa akiwa na miaka 15 au zaidi na ambaye hajatengana na mumewe. Kikiachwa kama kilivyo, tutakuwa na sheria moja inayokataza ndoa hiyo na nyingine inayomkinga mume wake. Vivyo hivyo uliza ile ruhusa ya mahakama ya miaka 14 inafutwa au inabaki, na kama kutakuwa na kifungu chochote cha "isipokuwa". Mlango wa "isipokuwa" ukibaki wazi, ndoa zote zitapitia humo.

Bunge likiupitisha, muswada bado si sheria mpaka Rais autie saini. Ibara ya 97 inampa Rais nafasi ya kuurudisha pamoja na sababu zake. Ukirudishwa, haupelekwi tena kwake kabla ya miezi 6 isipokuwa ukiungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote, na ukipelekwa kwa njia hiyo atapaswa kuukubali ndani ya siku 21, la sivyo alivunje Bunge. Sheria iliyokubaliwa huanza kutumika inapochapishwa katika Gazeti la Serikali, au tarehe nyingine ikiwa imetajwa. Tarehe hiyo uitafute, kwani zipo sheria zilizotiwa saini zikakaa kusubiri kuanza.

Niliolewa nikiwa na miaka 15, sasa nina watoto watatu hapa Tongoni. Sheria ikibadilika, ndoa yangu itavunjika? Mume wangu atakamatwa? Mniwie radhi, sijui kuandika barua rasmi.

Hapana, dada. Kwa kanuni ya kawaida sheria mpya hutazama mbele, na Ibara ya 13(6) ya Katiba inakataza mtu kuadhibiwa kwa tendo ambalo lilipotendwa halikuwa kosa. Watoto wako ni watoto wa ndoa, na haki yako katika mali mliyochuma pamoja iko pale pale. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983, Mahakama ya Rufani imekubali kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika mali hiyo. Ili usibaki na shaka, katika maoni yatakayopelekwa kwa kamati liombwe hili: muswada uwe na kifungu cha mpito kinachotamka wazi kwamba ndoa zilizofungwa kabla ya tarehe ya kuanza kwa sheria zinabaki halali, na kwamba mwanamke aliyeolewa akiwa mtoto akitaka kutoka katika ndoa hiyo anaweza kufanya hivyo bila kupoteza haki zake. Umeandika kwamba hujui kuandika barua rasmi. Barua uliyotuletea inatosha: ongeza tarehe, kata yako na saini, kisha uitume.