Maji yanapitaje chini ya barafu ya Greenland?

Dada mmoja wa Moshi anayepandisha wageni Kili ameuliza: barafu ya Greenland ina unene wa kilomita na zaidi, sasa maji yanayoyeyuka juu yanapitaje chini yake na uzito wote ule umekalia mwamba?

Dada, mimi kazi yangu ni maji ya ardhini hapa Arusha na hili swali nalipenda mno. Kwanza barafu ya Kili iweke pembeni, ile ni makumi ya mita tu na sehemu yake inageuka mvuke bila hata kuwa maji. Greenland kiangazi maji yanajaa juu kama maziwa, ufa ukitokea maji yanaingia na kwa kuwa ni mazito kuliko barafu yanazidi kuupasua mpaka chini kabisa. Mwaka 2006 ziwa moja la zaidi ya kilomita za mraba 5 liliisha kwa kama saa moja na nusu hivi, likapita kwenye barafu ya karibu kilomita nzima!

Kule chini sasa ndo utamu. Mwanzoni njia hakuna, maji yanajipenyeza kwenye vishimo nyuma ya mawe, presha inapanda, barafu inanyanyuka kidogo na kuteleza haraka. Ila maji yakitembea yanatoa joto, joto linakula dari, kidogo kidogo unapata mfereji. Chukua donge la barafu ulifungulie bomba taratibu, utaona maji yanavyojichongea njia yao yenyewe. Ni kama mfongo wa Wachagga, ule mtaro wa kumwagilia mashamba, ukipitisha maji uko wazi, ukiuacha unaziba, tofauti ni kwamba huku anayeziba ni uzito wa barafu yenyewe, inabonyea polepole, na majira ya baridi mifereji mingi inajifunga.

Halafu watu wengi hapa wanakosea, wanadhani maji mengi maana yake barafu inakimbia zaidi. Hapana, mfereji ukishakuwa mkubwa presha yake inashuka, unanyonya maji ya vishimo vya jirani, barafu inakaa tena kwenye mwamba, ndo maana mwisho wa kiangazi sehemu nyingi inapunguza mwendo na maji bado yapo. Kinachoishtua ni maji ya ghafla, ziwa limemwagika au mvua kubwa imepiga, mfereji haupati muda wa kupanuka.