Kifaa cha leseni hakisomeki kwenye kompyuta mpya

Ndugu, umesema programu yako ya zamani ya kuchorea majengo inagoma kufunguka tangu uhamie kompyuta mpya, ingawa kile kifaa cha leseni cha pini 25, kinachoithibitishia programu kuwa una leseni, umekichomeka kupitia adapta ya USB. Tatizo ni hiyo adapta. Nyingi hujua kupeleka data kwa printa tu, ilhali programu za aina hiyo huuliza swali moja kwa moja kwenye anwani ya mlango wa printa (namba ambayo kompyuta huutambua nayo), mara nyingi 378h, na kusubiri kifaa kijibu. Tafuta kompyuta yenye mlango halisi wa printa, uizime kabla ya kuchomeka. Kikigoma bado, jaribu SPP (hali ya kawaida ya mlango huo) badala ya ECP (hali ya kasi zaidi) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Printa ikiwa imeunganishwa nyuma ya kifaa hicho, iwashe au ichomoe kabisa. Ikiwa imezimwa huweza kunyonya umeme mdogo ambao kifaa kinautegemea.