Msomaji Anauliza: Makorongo ya Utah na Arizona kwa siku saba

SWALI: Mama mkwe wangu, mwenye umri wa miaka 68, atakuja kutoka Tanga kututembelea hapa Dallas, na mume wangu anataka tumpeleke kwenye makorongo ya jangwani. Tuna siku saba. Mume wangu amepanga Julai, na ameorodhesha hifadhi za Zion, Bryce, Arches, Canyonlands na Grand Canyon. Mama anasumbuliwa na magoti. Je, mpango huu unafaa?
Msomaji, Dallas

JIBU: Dada yetu, mpango huo unamfaa dereva kuliko mama. Arches na Canyonlands ziko upande wa mji wa Moab, Utah, mwendo wa saa nne au zaidi kwa gari kutoka Bryce, na mkiziongeza mtakuwa mmemtoa mama Tanga aje kutazama lami. Shukeni Las Vegas kwa ndege, mkodi gari, kisha mzunguke Zion, Bryce na Ukingo wa Kusini wa Grand Canyon, mkilala mara mbili kila mahali.

Julai nayo iacheni, ikiwa ruhusa ya kazini inabadilika. Chini ya Grand Canyon joto hupita nyuzi 40, na kuanzia katikati ya mwezi huo huja mvua za radi ambazo maji yake, kwa kuwa miamba haiyanyonyi, huporomoka ndani ya makorongo membamba hata pale ambapo mbingu juu yenu ni nyeupe. Mwanzo wa Oktoba ni bora zaidi. Hata hivyo mfungieni mama sweta nzito na glovu, maana ukingo wa Bryce uko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi huo baridi huweza kushuka chini ya sifuri. Ni kuganda na kuyeyuka huko kwa maji katika nyufa kulikochonga zile nguzo nyekundu za miamba mnazokwenda kuziona.

Magoti hayatamnyima mengi. Zion, katika msimu wa wageni, magari binafsi huzuiwa kuingia korongo kuu na watu hupandishwa mabasi ya hifadhi, kwa hiyo atayaona majabali akiwa ameketi, na mwisho wa njia kuna kijia cha sakafu kando ya mto. Bryce, kati ya Sunrise Point na Sunset Point, njia ni tambarare, haifiki kilomita moja. Grand Canyon, yenye kina cha zaidi ya mita 1,600, atosheke na ukingoni. Kushuka ni rahisi, lakini kupanda huchukua takriban mara mbili ya muda huo.

Vyumba vilivyo ndani ya Grand Canyon hujaa miezi mingi kabla, basi wekeni nafasi mara tu viza ya mama itakapotoka. Mkivikosa, tafuteni Tusayan, mji mdogo ulio nje tu ya lango la kusini.