Fundi kasema niongeze asilimia 10

Maswali mengi ya safari hii ni ya vifaa vinavyopotea katika ujenzi, basi nimeyajibu pamoja.

Fundi wangu ananambia niongeze asilimia 10 juu ya kila kifaa. Ni sawa? (Msomaji, Fuoni)

Kwa marumaru ni sawa. Kwa matofali ya saruji ni nyingi; 5 inatosha ikiwa gari inafika mpaka kiwanjani. Kwa mchanga uliomwagwa juu ya udongo bila ya turubai, hata 10 ni kidogo: tabaka la chini halitumiki tena, na mvua ya masika nayo inachukua fungu lake.

Nondo ndiyo usiikadirie kwa asilimia hata kidogo. Nondo nzima ni mita 12. Nguzo zako zikitaka vipande vya mita 3.5, kila nondo inatoa vitatu na kubakisha mita 1.5. Hiyo ni asilimia 12.5 imekwenda, na fundi hajakosea kitu. Lakini ukikata viwili vya mita 3.5 na kimoja cha mita 5 kwa ajili ya lenta, yaani boriti ya juu ya milango na madirisha, nondo imekwisha yote, maadamu unene ni mmoja. Kwa hiyo kaa na mchoro kabla ya kwenda dukani, andika urefu wa kila kipande, kisha mpange na fundi kipi kikatwe pamoja na kipi. Mafundi wengi hukata wanavyohitaji siku ile, na mabaki yanarundikwa nyuma ya banda mpaka apite mnunuzi wa chuma chakavu.

Chumba changu ni mita 6 kwa 5, sakafu ya zege unene wa sentimita 10. Hesabu ilinipa mita za ujazo 3, nikaleta saruji, mchanga na kokoto ambavyo jumla yake ni 3. Zege imefika kama thuluthi mbili tu ya chumba. Nimeibiwa? (Msomaji, Wete)

Usimtie mtu dhambini bure. Kokoto kavu zina nafasi baina yake. Mchanga na saruji vinaingia humo, na ukitia maji vyote vinashikana na ujazo unapungua. Wakadiriaji huzidisha ujazo wa zege kwa 1.54 kupata ujazo wa vifaa vikavu. Zako 3 zinakuwa 4.62. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, hiyo ni mifuko 19 hivi ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 1.32 na kokoto 2.64. Hapo hatujagusa upotevu bado. Upotevu unakuja juu yake: mfuko mmoja zaidi wa saruji, na mchanga na kokoto kidogo.

Jambo jengine ni umajimaji. Mchanga laini wenye unyevu huvimba, ujazo wake unaweza kuzidi hata kwa robo. Ukipokea gari ya mchanga baada ya mvua, sehemu ya ulicholipia ni hewa. Na visiwani kwetu mchanga hauchimbwi ovyo bila ya kibali, kwa hiyo si kitu cha kudharau.

Nataka marumaru zilale mshazari. (Msomaji, Bububu)

Basi asilimia 15 badala ya 10, kwani kila ukuta utakula pembe. Nunua zote kwa mara moja, toleo moja. Rangi za matoleo mawili hazifanani.

Nilinunua saruji kabla ya Ramadhani, sasa ina mabonge. (Msomaji, Mkoani)

Bonge linalovunjika kwa vidole halina neno kwa kazi ndogo. Lililo gumu litupe, usilitie katika zege ya nguzo. Hewa yetu ya bahari haitaki saruji ilale. Ipange juu ya mbao, mbali na ukuta, na ya zamani itumike mwanzo. Najua Pemba mtu husubiri mzigo uvuke, lakini nunua ya wiki chache tu.

Vifaa nanunua mwenyewe, fundi namlipa ufundi tu. Upotevu ni wa nani? (Msomaji, Mwera)

Kwa mapatano hayo ni wako, ndiyo maana yeye hana haraka ya kuokota nusu tofali. Andikianeni kiwango kabla ya kuanza. Tuseme umenunua matofali 1,200, yamebaki mazima 80, na ukutani umehesabu mistari ukapata 1,050. Yaliyopotea ni 70, karibu asilimia 6.7 ya yaliyojengwa. Mkiwa mmekubaliana 5, kama 52 ni halali yake, na 18 yaliyozidi myazungumze kabla ya malipo ya mwisho. Ila yaliyovunjika garini yahesabu siku ya kupokea, mbele ya dereva: hayo mdai muuzaji, usimbebeshe fundi.