Safari ya mwanafunzi iko kwenye bajeti ya nani?

Barua za wasomaji mwezi huu zimefanana. Chuo kina washirika nje ya nchi, tovuti imejaa picha za wageni, lakini mwanafunzi wa uzamili au uzamivu akitaka kusafiri anaambiwa hakuna fungu. Nimejibu zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Ikisiri yangu (muhtasari wa utafiti) imekubaliwa kwenye kongamano Ujerumani, zimebaki wiki sita. Idara inasema hela ya safari imekwisha. Nifanyeje? (Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma)

Hongera, ila umeanza kutafuta hela mahali pa mwisho. Waandaaji wengi wa makongamano hutenga fungu la kuwasaidia washiriki kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati, na dirisha lake mara nyingi hufungwa pamoja na lile la kutuma ikisiri. Kwenye fomu huwa kuna kisanduku kinachouliza kama unaomba msaada wa safari. Wengi wetu tunakiruka tukidhani kukiwekea alama kunapunguza nafasi ya kukubaliwa. Kwa kawaida ikisiri hupimwa kivyake na msaada kivyake.

Kwa sasa mwandikie katibu wa kongamano leo, na uombe kitu kimoja kimoja badala ya kuandika tu "naomba ufadhili". Anza na kusamehewa ada ya kujiandikisha, maana hiyo haimlazimu mtu kutoa hela mfukoni. Fuatia malazi. Nauli iwe ya mwisho.

Halafu kuna viza. Ombi la viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Ujerumani, hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisiwe chini ya siku 15. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, hairudishwi hata ukinyimwa, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Kabla hujalipa hata senti, angalia tarehe ya miadi iliyo wazi. Ukikuta miadi inaangukia baada ya kongamano, omba kuwasilisha kwa njia ya mtandao na uokoe hela yako.

Chuo chetu kimesaini hati ya makubaliano na chuo kimoja cha Ulaya. Ni mwaka wa tatu sasa, hajaenda mwanafunzi hata mmoja. Hela imekwenda wapi? (Mwanafunzi wa uzamivu, Morogoro)

Haijaenda popote, maana haikuwepo. Hati ya makubaliano ni kama posa iliyokubaliwa bila mahari kutajwa: watu wamefurahi, wamepiga picha, ndoa bado. Inasema vyuo viwili vinaweza kubadilishana wanafunzi. Nani atalipa, haisemi.

Chukua mfano wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya unaopeleka wanafunzi kwa muda mfupi wakabaki wamesajiliwa vyuoni kwao. Hapo anayeomba fedha ni chuo cha Ulaya, kupitia wakala wa nchi yake. Kwenye ombi hutajwa chuo chako, idadi ya nafasi na ngazi: labda uzamivu wawili, wahadhiri wawili, uzamili hakuna. Ombi likipita, hela inakaa kule, na huku kazi inayobaki ni kuchuja majina. Kwa hiyo ukienda ofisi ya uhusiano wa kimataifa kuuliza "kuna nafasi?", utajibiwa "subiri tangazo". Uliza badala yake ni nani mratibu wa mradi upande wa Ulaya, ngazi yako ilitajwa au haikutajwa, na ombi lijalo linaandikwa lini. Kama ngazi yako haikutajwa, mtu wa kumsukuma ni msimamizi wako, amwandikie mwenzake kule kabla ombi halijafungwa. Barua pepe ya mistari minne kati ya wahadhiri wawili wanaofahamiana imewahi kufanya kazi kuliko hati zenye mihuri miwili.

Jambo jingine wengi hulijua wakiwa wameshachaguliwa: nauli ya mpango huo ni kiwango maalumu kinachokokotolewa kwa umbali wa mstari ulionyooka kati ya mji na mji. Bei ya tiketi haiangaliwi. Ukinunua mapema ukabakiza, ni yako. Ukichelewa hadi bei ipande, ni yako pia. Na kwa kuwa malipo ya kwanza mara nyingi huchelewa, uwe na akiba ya amana ya chumba, la sivyo utaanza ugeni kwa kukopa.

Na Erasmus Mundus ndiyo hiyohiyo? (Kisumu)

Siyo. Ile ni shahada nzima ya uzamili, unasoma katika nchi zaidi ya moja na unaomba mwenyewe moja kwa moja kwa waendeshaji wa kozi. Atakayepata hupewa euro 1,400 kwa mwezi, hadi miezi 24. Nauli, viza na pango vyote vimo humohumo, kwa hiyo usimtangazie shangazi kwamba umetajirika.

Nasoma uzamivu hapa nyumbani lakini vipimo vyangu vinahitaji maabara ambayo hatuna. Lazima nihamie nje? (Dada wa Dar es Salaam)

Hapana, dada yangu, na mimi nisingekushauri uhame. Tafuta mfumo wa kwenda na kurudi: unasajiliwa nyumbani, unakwenda kwenye maabara kwa miezi kadhaa, unarudi uwandani, unakwenda tena. Waswidi wameutumia mno. Kupitia shirika lao la Sida wamefadhili utafiti Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miongo mingi, na Makerere vilevile, na wahadhiri wengi wa vyuo hivyo walipata uzamivu kwa njia hiyo. Ubaya wake ni kwamba programu za namna hiyo hutanguliza wafanyakazi wa chuo. Hali ni hiyo pia kwa HEET, mradi wa elimu ya juu wa Tanzania uliopata mkopo wa dola milioni 425 za Benki ya Dunia mwaka 2021: sehemu yake ya masomo imelenga wanataaluma walioajiriwa. Kama wewe ni mwanafunzi wa kujilipia, usipoteze miezi ukibisha hodi huko.

Kwa asiye mwajiriwa, angalia ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa uzamivu uliogawanywa, unaompeleka mwanafunzi Uingereza kwa hadi miezi 12 huku shahada ikitolewa na chuo cha nyumbani. Wanataka kuona uhusiano uliopo tayari kati ya pande mbili, kwa hiyo msimamizi wa kule hapatikani wiki ya mwisho. Shirika la DAAD la Ujerumani nalo lina ufadhili wa uzamivu wenye wasimamizi wawili, mmoja huku na mmoja kule. Na kwa kuwa wewe ni mwanamke, kama uko kwenye sayansi au uhandisi, tazama OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, lenye makao Trieste, Italia. Watanzania wanaruhusiwa kuomba, mfumo wa kwenda na kurudi upo, ila maabara ya kukupokea iwe katika nchi inayoendelea. Usione hilo ni upungufu: Afrika Kusini au India unaweza kupata mashine ileile kwa gharama ndogo ya maisha.

Wenzetu wa Ulaya wametuomba tuwe washirika kwenye andiko la Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti. Bajeti wameiandaa wao na wanataka tusaini wiki hii. Tusaini? (Mhadhiri kijana, Mombasa)

Msisaini kabla hamjalifungua lile jedwali la bajeti. Taasisi za Kenya na Tanzania zinastahili kulipwa moja kwa moja na mpango huo, hazihitaji kufadhiliwa kupitia mgongo wa mtu. Juu ya gharama zenu halisi kuna asilimia 25 ya gharama za uendeshaji, yaani umeme, ofisi, mhasibu na mengineyo. Hiyo ni haki ya kila mshiriki. Nimeona majedwali ambayo mshirika wa Afrika amewekewa "kukusanya data" na posho za uwandani basi, huku wanafunzi wote wa uzamivu wakiwa upande wa pili. Mkisaini hivyo, mwanafunzi wenu hatasafiri kwa miaka minne yote, na hakuna barua ya kulalamika itakayobadilisha.

Kwa hiyo dai mstari wa mwanafunzi: ada, miezi ya kukaa kwenye maabara ya mshirika, nauli, viza, bima. Iandikwe kwa majina ya vitu, isifichwe ndani ya "gharama nyinginezo". Wakati huohuo kubalianeni nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala ipi. Tamko la Cape Town, lililotokana na mkutano wa dunia wa uadilifu katika utafiti wa mwaka 2022, linazungumzia haki hii ya ushirikiano, na ukilitaja kwa upole mezani hakuna atakayekuona mkorofi.

Wekeni pia fungu na muda wa vibali. Kwenu Kenya, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, inamhusu mwenyeji na mgeni. Upande wa Tanzania wageni hupitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya huko, utafiti wa afya unapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na Zanzibar ina utaratibu wake. Mradi usiohesabu miezi ya vibali huanza ukiwa umechelewa, na anayelaumiwa ni nyie.

Fedha za Marekani zimekatika. Tuache kuomba? (Kampala)

Januari 2025 serikali yao ilisimamisha misaada ya nje, na miradi mingi ya vyuo vyetu ikakatikia njiani. Aliyekuwa anategemea mfadhili mmoja ameumia zaidi. Ombeni, lakini tazameni na karibu: RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika, wako hapohapo Kampala kwa watu wa kilimo, AERC, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika, wapo Nairobi kwa wachumi, na DAAD hulipia masomo ya uzamili na uzamivu ndani ya Afrika kwenyewe.

Nilisafiri kwa masurufu ya mradi. Mhasibu amekataa marejesho yangu na sasa nakatwa. Nilienda kweli, picha ninazo! (Mbeya)

Picha hazimo kwenye orodha ya mhasibu. Anachotaka ni kibali cha safari cha kabla hujaondoka, tiketi, vipande vya kupandia ndege vya kwenda na kurudi, risiti ya malazi yenye jina lako na ripoti ya safari. Kipande kikipotea, andikia shirika la ndege wakupe barua ya kuthibitisha kwamba ulisafiri, mengi hutoa. Hoteli nayo inaweza kukutumia nakala ya risiti. Peleka vyote kwa barua moja kupitia kwa mkuu wa mradi, uombe makato yasimamishwe wakati inapitiwa, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.